Safari ya Walio Hai

Pale mtaani Pipeline, ambapo maghorofa yamebanana hata jua likitaka kupita lazima ligeuke ubavu, aliishi dereva mmoja aitwaye Gichuru. Chumba chake kilikuwa orofa ya sita. Soksi ikidondoka kutoka huko juu, ikifika chini huwa imeshapata mguu wa mtu mwingine, kwa hiyo Gichuru alianika nguo zake ndani, na maisha yake yote yalinuka sabuni, unyevu na maua yaliyolala.

Maua yalikuwa ya kazini. Gichuru aliendesha gari la mazishi. Kiti cha nyuma kabisa alikuwa ameking'oa zamani, akatia vyuma viwili vya kuzuia sanduku lisiteleze. Kila Jumamosi alfajiri alipita mochari, akalaza sanduku hapo nyuma, akaketisha watu kumi na mmoja mbele yake, akawapeleka kuzika: Murang'a, Nyeri, Machakos, hadi kule lami inakoishia na wafiwa wanashuka kusukuma. Miaka ishirini na minane. Gari lenyewe lilikuwa limezoea. Likipita karibu na hospitali taa ya kona iliwaka bila kuguswa, na likiona msalaba lilipunguza mwendo. Wapo watu Pipeline watakaokuapia kwamba waliliona likifanya hivyo mbele ya duka la seremala aliyekuwa akipigilia kitanda tu.

Kazi alifundishwa na dereva wa zamani, Kimanzi, ambaye naye kwa sasa amelala Kitui, na aliyempeleka ni Gichuru. Kimanzi alimwachia sheria moja kubwa kuliko nyingine zote: marehemu ni abiria. Usimwite mzigo. Mhesabu pamoja na wenzake. Basi Gichuru akitoka mochari alihesabu kumi na wawili, na jioni kabla ya kuwasha gari kurudi alihesabu kumi na mmoja, akasema, "Tumetimia." Hakuwahi kumsahau mtu makaburini, na kwenye kazi ile si jambo dogo, kwa maana wafiwa hutawanyika kama kuku. Kwenda na wote, kurudi kasoro mmoja. Mama Njoki, mkewe, alikuwa akisema mume wake huhesabu hata usingizini, na akifika mwisho hutoa mmoja. Alipofariki Mama Njoki mwenyewe, Gichuru hakukubali dereva mwingine ashike usukani. Walienda kumi na wawili. Walirudi kumi na mmoja.

Baada ya hapo ndipo uchovu ulipohamia kwake na virago vyake vyote. Ulimkaa magotini, ukampanda mgongoni, ukamwingia masikioni hata nyimbo za maombolezo zikawa zinamsumbua kama mbu. Alikuwa amekula wali wa matanga Jumamosi nyingi mno, akiuona anaujua umepikwa na mama mkwe au na kamati. Siku ya Ijumaa wapangaji wenzake walimpisha kwenye ngazi bila kumpa mkono, eti akikushika siku hiyo anakupima urefu. Gichuru hakuwalaumu. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafunga kazi: abebe watu walio hai, wanaokwenda mahali pa kufurahi, wafike wakicheka na warudi wakicheka.

Jumapili moja Jacky, mtoto wa dada yake, akapanda zile ngazi sita akihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Jacky alikuwa akifanya kazi katika ofisi ndogo ya kutembeza watu mjini. Akaeleza kwamba wiki hiyo mjini kuna tamasha la bia, si zile za viwanda vikubwa, bali za watengenezaji wadogo wanaopika ya kwao kwa mapipa machache na kuiuza hapo hapo mbele ya mapipa. Mkubwa wake, Sydney, alikuwa amepata wateja kumi na mmoja wanaotaka kuzungushwa sehemu tano kwa siku moja, Jumamosi. Dereva wa kawaida amevunjika mguu. Jacky alimtaja mjomba wake bila kutaja anabeba nini.

"Anko, mambo yakienda vizuri, Sydney atakupa kazi ya kudumu," alisema. "Hutawahi tena kuingia mochari."

Gichuru aligeuza soksi zilizoanikwa kambani. Kisha akauliza watu wenyewe ni wangapi kwa jumla. Kumi na watatu, akaambiwa, ukihesabu Jacky na Sydney.

Sasa, mtu hupanga kwa alichonacho. Fundi cherehani akipewa vita apange, atauliza kwanza kitambaa ni mita ngapi. Gichuru alijua kupanga mazishi, basi akakaa kupanga safari ya bia. Alishuka chini kwa Muhiba, yaani Mama Zaki, jirani yake mwenye hoteli ya meza tatu, akatoa mfukoni karatasi na kalamu. Muhiba alizaliwa Majengo, watu wake ni Waislamu wa Siyu, kule pwani, na tangu azaliwe hakuwahi kuikaribia pombe zaidi ya harufu inayopita chini ya mlango wa jirani. Gichuru naye aliiacha akiwa kijana, siku aliyookoka. Kwa hiyo safari ya kunywa ilipangwa na watu wawili ambao hawanywi, mezani pa mbaazi.

Muhiba akaivuta ile karatasi asome, akaigeuza. Upande wa pili palikuwa na picha ya mama mmoja mnene mwenye kofia, jina lake Millicent, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Gichuru alikuwa ameandika mpango nyuma ya kijitabu cha mazishi, kwa maana karatasi nyingine hakuwa nayo garini.

"Baba Njoki, na huyu Millicent naye unampeleka kunywa?"

"Hiyo ni karatasi tu, Mama Zaki."

"Karatasi ina macho." Akamkatia kipande cha karatasi ya kaki ya sukari. "Andika hapa. Mwache mama wa watu apumzike."

Gichuru akanakili. Kisha akauliza watu wanaokunywa hula nini. Muhiba akasema yeye hupikia njaa, pombe hapikii. Akafuta meza ambayo ilikuwa safi, akafikiri, akasema lakini tumbo ni tumbo. Watu wasiondoke na matumbo matupu. Asubuhi wale mahamri na mbaazi kabla gari halijawashwa. Baada ya sehemu ya pili, viazi karai na ukwaju, maana uchachu hurudisha akili nyumbani. Maji njia nzima. Baada ya sehemu ya nne wasipewe chochote chenye mafuta, la sivyo watamrudishia humo humo garini. Chakula atapika yeye, na atakitoa mkononi mwake asubuhi, midomo ikiwa bado misafi. Yatakayofuata ni baina yao na Mola wao.

Jumanne na Jumatano Gichuru alizunguka sehemu zote tano peke yake, kupima. Ya kwanza ilikuwa Industrial Area, nyuma ya kiwanda cha misumari. Alifika asubuhi watu wa Mukuru kwa Njenga wakiwa bado wanatembea kwa mafungu kwenda kuotea kibarua, akasimama nao getini mpaka likafunguliwa. Mpikaji wa bia, bwana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alimkaribisha aonje. Gichuru akainusa ile bilauri, akaona inanuka kama uji wa wimbi uliosahauliwa jikoni, akairudisha kwa heshima. Akauliza mambo yake: choo kiko wapi, wanawake wana chao, gari litageukia wapi, mvua ikinyesha ule uwanja una matope kiasi gani. Halafu akauliza msemaji ni nani.

Yule bwana akasema ni yeye mwenyewe, atawaeleza wageni habari za shayiri na yale maua machungu na jinsi mapipa yanavyooshwa. Kama dakika arobaini hivi. Gichuru akatikisa kichwa. Miaka yote hiyo hakuna kilichomchelewesha njiani kama wasemaji: shemeji, mwenyekiti wa chama, rafiki wa shuleni. Akamwambia kwa upole, "Dakika kumi zinatosha, mwanangu. Wafiwa wanachomwa na jua."

Bwana wa ndevu akacheka sana, akidhani ametaniwa. Gichuru hakujua anachekwa nini.

Alienda hivyo hivyo kote, Ngong Road mbili, Lavington moja, ya mwisho Westlands, akipanga zile za mbali ziwe katikati ya siku barabara zikiwa tupu, na ya Westlands iwe mwisho kwa kuwa kutoka pale njia ya kurudi Eastlands ni moja tu. Lavington alionyeshwa pipa la bia iliyotiwa asali, na harufu ile ikamshika shati. Baba yake alikuwa akipika muratina ya asali wakati wa mahari, na hakuna mtu aliyegusa pembe ya kunywea kabla wazee hawajamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Hata kwenye pombe, wafu walihesabiwa kwanza. Gichuru akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za gari, akapumzisha magoti.

Alhamisi familia moja ya mtaa wa Fedha ikampigia simu. Wana mazishi Jumamosi, na marehemu alikuwa amesema mwenyewe abebwe na Gichuru. Gichuru akawaambia ana safari. Walipouliza ni mazishi ya nani, alikata simu, akajiona kama aliyeiba kuku.

Ijumaa akalivua gari msiba. Muhiba alitoka jikoni na mwiko mkononi kusimamia. Vilitoka vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye vioo. Zikatoka kamba, makoleo mawili, viatu vya matope, flashi ya nyimbo, vijitabu vya watu waliokwisha kulala, na petali zilizokauka za kujaza debe. Vyuma viwili vya sanduku vilikuwa vimeshikwa na kutu, vikagoma, na kuvifungua kulimla Gichuru mgongo uliobaki. Kisha kiti cha nyuma kikarudishwa mahali pake, baada ya miaka mingi chini ya kitanda. Vyote vilivyotoka vikatiwa guniani, gunia likafungwa kamba. Muhiba akapita ndani na ubani, kona hadi kona, akasema sasa hata malaika wa mauti akilipita hatalijua. Gichuru akaamini. Lakini hesabu ilikuwa kichwani, na kichwa hakitiwi guniani.

Jumamosi saa nne walikutana kwenye kituo cha mafuta cha Fedha. Walikuwa watu wa ofisi, viatu vyeupe, miwani ya jua. Sydney alikuwa bwana mwembamba wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kofia ya nyasi na miguu mirefu kama ya korongo. Kwa sababu ya miguu hiyo alichagua kiti cha nyuma kabisa, akakaa peke yake na kujinyoosha. Walikula mahamri wakiwa wamesimama. Gichuru alihesabu kumi na watatu, akawasha gari.

Na safari ikaenda, tena ikaenda kama maji kwenye mfereji. Kila geti lilikuwa wazi, kila choo kilikuwa na maji, kila msemaji alisema dakika kumi akakaa. Viazi vilitoka vikiwa bado na joto. Hakuna aliyetapika, na dada mmoja wa miwani alisema hajawahi kunywa sehemu tatu akabaki na adabu. Gichuru aliwasikia wakicheka nyuma ya shingo yake na hakujua la kufanya na sauti hiyo. Mara mbili alitazama kioo akaona pale mwisho mtu amekaa wima, anakula kiazi. Ilimpa furaha ya ajabu, nayo ikamchosha, kama mtu aliyekaa njaa sana akashiba ghafla.

Wakiwa sehemu ya nne Sydney alimfuata mlangoni mwa gari. "Mzee, kupanga namna hii umejifunza wapi?"

"Kazini tu," Gichuru alisema, na hakudanganya.

"Jumamosi ijayo tuongee. Nina mambo mengi nataka uyashike."

Westlands walimaliza saa kumi. Watu walirudi garini polepole, wazito, wamenyamaza, wengine wameegemeana vichwa. Jacky alikaa mbele na viatu mkononi. Na hapo, ndugu zangu, lile gari lilifanana kabisa na gari linalotoka kuzika. Vichwa vile vile vilivyoinama, jua lile lile la jioni kwenye vioo. Gichuru akageuka kitini akahesabu kwa kidole kama alivyohesabu miaka ishirini na minane. Walikuwa wameenda kumi na watatu. Sasa walikuwa kumi na wawili.

"Tumetimia, Anko?"

"Tumetimia."

Wakafika karibu na Donholm, ndipo simu ikaanza kulia huko nyuma. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Dada wa miwani akaipapasa kwenye kiti cha mwisho, akampitishia Jacky. Ilikuwa simu ya Sydney, na aliyekuwa akiipiga ni Sydney, kwa simu ya askari wa geti kule Westlands. Alikuwa ameenda msalani.

Jacky hakumgombeza mjomba wake. Alivaa viatu vyake, kimoja kimoja. Gichuru akageuza gari. Ile furaha ya kiazi alihisi ikimshuka miguuni na kutokea mlangoni.

Sydney walimkuta amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, pamoja na askari, kofia magotini. Gichuru alishuka, akaenda akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Mzee, ulinisahau."

"Sikukusahau. Nilikuhesabu."

"Ulinihesabu vipi na mimi niko chooni?"

Angeweza kusema macho yake ni mabovu. Angeweza kusema watu walikuwa wanatembea tembea. Dereva yeyote ana uongo wa kutosha kwenye droo ya gari. Lakini Gichuru alikuwa amechoka mno hata kwa uongo, akamwambia yote pale pale getini: kazi yake, sanduku, Kimanzi, kwenda na wote na kurudi kasoro mmoja.

Sydney alisikiliza. Askari naye alisikiliza, akavua kofia.

"Kwa hivyo mimi ndiye niliyezikwa," Sydney akasema.

"Ndiwe."

"Na nilikuwa nimekaa wapi?"

Sydney alitazama kile kiti cha nyuma kupitia kioo kwa muda, kisha akaenda akakaa mbele, kati ya Jacky na dereva, magoti yake marefu yakigonga gia hadi Fedha. Hakuna aliyecheka. Walipofika alishukuru kila mtu kwa jina, na kwa Gichuru akasema tu usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado juu ya paa.

Usiku huo gunia lilifunguliwa.

Muhiba hakuuliza safari ilikuwaje. Aliona gunia likiwa tupu kesho yake, akamwekea Gichuru chai na mahamri mawili bila kuagizwa. Vyuma vikarudi, kiti cha nyuma kikarudi chini ya kitanda. Jumatano Sydney akapiga simu. Alisema wateja walisifu sana, wote kumi na mmoja, na wanamtaka yule mzee. Alisema kazi ya kila Jumamosi hawezi kumpa. Kila akifikiria ile hesabu, shingo inamsisimka, na mama yake amemkataza. Lakini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, Gichuru apange na aendeshe. "Kuhesabu atahesabu Jacky," alisema. "Wewe usihesabu mtu. Nakuomba, mzee."

Ilikuwa nusu ya alichotaka, labda robo. Gichuru akasema asante, akakaa kitandani akiwa ameshika simu hadi ikajizima.

Jumamosi ilipofika alikuwa tena mochari alfajiri. Wale wa Fedha, wale aliowakatia simu, walikuwa wamesogeza mazishi wiki nzima wakimngojea, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikuwa wapi. Mjane, Mama Wakiuru, alikaa mbele karibu na dereva. Walikwenda kumzika mumewe Kangema, kwenye kilima chenye chai hadi mlangoni. Wasemaji walikuwa tisa. Wali ulikuwa wa kamati.

Jioni watu waliporudi garini Gichuru aligeuka akahesabu kwa kidole. Kumi na mmoja. Hesabu ilikuwa ile ile ya siku zote, ile ile iliyomwacha Sydney getini. Akahesabu tena, na mara ya tatu. Mkono ukabaki kwenye ufunguo. Wafiwa wakaanza kutazamana.

"Kila mtu amwangalie aliyekaa naye," Gichuru akasema, bila kugeuka. "Kuna aliyebaki?"

Huko nyuma vile vyuma viwili vilikuwa vitupu, petali chache zimeshikana navyo. Mama Wakiuru akatazama nje ya dirisha, kule kwenye udongo mwekundu mbichi kati ya michai, akatazama mpaka akatosheka.

"Yuko, Gichuru," akasema. "Yuko aliyebaki. Wewe endesha."